Sekunde Nilizowapunguzia Wasichana wa Kocha Barnaba

Ninyi vijana mnaosomea ukocha, na ninyi wengine mnaonipigia simu kila wiki kuniuliza, "Madam Zuhura, wewe uko upande gani?", nawaandikia mara moja ili nipate kupumua. Tangu kundi la WhatsApp la waliosoma chuo chetu cha ualimu lianze kugombana juu ya Kocha Barnaba, simu yangu haipoi. Wanaomtetea wananitumia picha za vikombe. Wanaomlaani wananitumia picha za miguu iliyovimba. Wengi wao hawajawahi kukimbia hata kumfukuza kuku, lakini kila mmoja ana maoni marefu, na yote lazima niyasome mimi kwa miwani iliyokwaruzika.

Kwa wasionijua, mimi ni mzaliwa wa Kisumu mjini, binti wa fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa msaidizi wa Kocha Barnaba. Yeye alifundisha mbio, mimi nilishika saa na daftari. Nilistaafu nikiwa na goti moja zima. Barnaba bado yuko kazini, na ndiyo maana ugomvi huu si wa kupitisha muda. Muhula huu msichana wa mwaka wa kwanza alizirai akiwa kwenye foleni ya mizani, na chuo kikaunda kamati ya kuamua kama Barnaba ataendelea kuwafundisha wasichana. Kamati ikaniita mimi.

Lakini nianze na kazi yenyewe, maana mnaibishania bila kuijua.

Aliyenifundisha kushika saa ni Mzee Selemani, ambaye alikuwa akipima muda kwenye mashindano ya shule tangu mimi ni mtoto. Alinisimamisha kwenye mstari wa kumalizia siku tatu bila kunipa saa. Nilidhani ananitania. Siku ya nne akaniuliza nimeona nini, nikasema nimeona watu wakikimbia. Akasema, "Basi rudi uangalie tena."

Alichotaka nione ni kifua. Mkimbiaji anamaliza kwa kifua, si kwa kichwa wala kwa ule mkono anaourusha mbele kama anayedaka nzi. Bastola ya kuanzishia mbio nayo hufuatwa kwa moshi wake. Ukingoja mlio umeshachelewa, kwa sababu sauti nayo inasafiri. Bonyeza kwa kidole cha shahada, gumba ni zito na lina uvivu. Na jua letu la saa tisa likiwaka, funga kitambaa kiganjani, la sivyo saa itakuteleza kama sabuni mbele ya watu. Mnaweza kucheka. Leo mna saa za mkononi zinazojua mapigo ya moyo na mahali mlipolala. Nimemwona mmoja wenu akizunguka nyuma ya choo cha uwanja ili saa yake ifikishe kilomita kumi. Ilikuwa imefika tisa na nusu, na hakuna aliyemuuliza.

Jambo la mwisho aliloniambia Mzee Selemani lilikuwa hili: "Zuhura, ukishika saa, usimpende mtu mpaka uizime." Mengine yote niliyashika. Hilo sikulishika.

Sasa habari ya Jumatatu. Kila Jumatatu alasiri, kabla ya mazoezi, wasichana walipanga foleni mbele ya stoo ya jikoni. Ndani kulikuwa na mizani kubwa ya kupimia magunia ya mahindi. Kila msichana alipanda juu yake, na mpishi akazitaja kilo kwa sauti ileile aliyotumia kwa magunia. Wavulana wa mpira wakawa na shughuli nyingi za kupita hapo. Kisha tulishuka uwanjani, wakakimbia mita elfu tano nikiwapima. Sheria ya Barnaba ilikuwa fupi. Ukipungua sekunde kuliko wiki iliyopita, vizuri. Ukiongeza hata moja, basi umekula sana au umezembea. Utazunguka uwanja mara kumi zaidi, na jioni mpishi atakukatia nusu ya ugali.

"Mizani haina mjomba," Barnaba alipenda kusema, akipiga kile chuma kwa kiganja.

Hakuwa mtu mbaya, na hapa ndipo watu wa WhatsApp wanaponichosha kabisa, maana kila mmoja anataka malaika au shetani, katikati hapana. Barnaba alimjua mama wa kila msichana kwa jina. Msichana mmoja wa Nyalenda alipougua malaria, alimbeba mgongoni kutoka bwenini mpaka langoni na akashinda naye hospitalini siku nzima bila kutia kitu mdomoni. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyohivyo, kwa njaa na kelele. Alishinda, akadhani njaa ndiyo iliyoshinda. Tangu hapo amekuwa akiigawa kama dawa.

Muhula ninaotaka kuwaeleza ulikuwa zamani kidogo, tulipokuwa na wasichana sita wa mbio ndefu. Mmoja wao alikuwa Risper, msichana wa Awasi, mrefu, mwenye maneno mengi, anayekimbia amekunja ngumi ya mkono wa kulia tu. Jumatatu moja alikuwa katika siku zake na tumbo lilimsokota tangu asubuhi. Alimaliza sekunde tatu nyuma ya wiki iliyotangulia, akajikunja kwenye nyasi. Barnaba alikuwa kwenye kona ya mbali, ambako alipenda kusimama ili awapigie kelele wakiwa wamechoka zaidi. Kutoka huko hakuweza kuona saa. Akaniita, "Madam, ngapi?"

Nikaitazama saa. Nikamtazama Risper. Nikapaaza sauti kutaja muda uliokuwa umepungua sekunde moja.

Hakuna kilichotokea. Barnaba alitikisa kichwa kwa kuridhika, na jioni Risper akala ugali mzima. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu wa maana sana.

Tatizo la kukata sekunde hamlioni mpaka wiki ya pili. Nilikuwa nimemkatia nne. Wiki iliyofuata sheria ilimtaka apungue tena, na safari hii kuanzia pale pa uongo. Nikamkatia sita. Halafu wenzake nao walikuwa na macho, na mimi nilikuwa na huruma, kwa hivyo nikawakatia. Kufikia katikati ya muhula wasichana wote sita walikuwa wakipungua kila Jumatatu bila kukosa, ndani ya daftari. Nilikuwa nikikaa jikoni kwangu saa sita mchana nikizipanga namba mapema, huyu mbili, yule tatu, zisije zikafanana mno. Nilimpangia mmoja wao aongeze sekunde moja wiki ya tano ili ionekane kweli, nikamwomba msamaha moyoni, na akazungushwa uwanja mara kumi kwa ajili ya mapambo ya daftari langu.

Na Barnaba je? Barnaba alifurahi. Akija ofisini alifungua daftari na kuteremsha kidole kwenye safu za namba. "Madam, unaona? Hii njia inafanya kazi." Na mimi, mjinga niliyekamilika, nikasema naona. Kila sekunde niliyoikata ili kumwokoa msichana na nusu ya ugali ilikuwa inamwambia Barnaba kwamba nusu ya ugali inasaidia.

Kisha tukaenda kwenye mashindano ya vyuo, ambako saa zilishikwa na watu wengine. Wasichana wetu wakamaliza katikati ya kundi, polepole kama walivyokuwa wakikimbia siku zote. Nikasema ni jua. Nikasema ni upepo wa ziwani. Nikasema uwanja wao una udongo unaonata. Barnaba hakutaka sababu zangu, alikuwa na yake. "Mazoezini wako sawa, mbele ya watu wanaogopa," akasema. Na kwake dawa ya woga ilikuwa kuwazoeza, kwa hivyo akaanza kuwatukana mbele ya chuo kizima wakati wa gwaride la asubuhi. Nilisimama pembeni na jagi la maji nikisikiliza. Ningeweza kumaliza mambo yale kwa sentensi moja. Niliona aibu, na niliiogopea kazi yangu.

Risper akaanza kuchechemea. Shikeni hili, litawafaa: anayedanganya huchechemea unapomwangalia, na mwenye maumivu ya kweli hujinyoosha unapomwangalia. Risper alijinyoosha. Nilimkalisha, nikapitisha kidole kwenye muundi kutoka juu kwenda chini, na nilipofika sehemu moja ndogo, upana wa gumba tu, akaruka.

"Madam, hii mguu inauma hapa tu," akasema. "Lakini usiambie Coach. Atasema mimi ni mvivu."

Safari hiyo nilikwenda kusema. Nilimwambia Barnaba kwamba mguu ukiuma mahali pamoja padogo namna ile si wa kukimbilia, apumzike, apelekwe akapigwe picha ya eksirei. Alinisikiliza vizuri. Kisha akavuta daftari, akanifungulia mwandiko wangu mwenyewe.

"Angalia hii, Madam. Wiki nane anashuka tu. Mtu mwenye mguu mbaya hawezi shuka hivi. Hiyo ni kitu ya kichwa."

Ningemjibu nini? Kumwambia ukweli hapo kungetosha, najua, msinifundishe. Nikasema, "Sawa, Mwalimu," nikatoka.

Jumamosi ile tulikuwa na mbio za barabara. Lori la chuo liliwashusha wakimbiaji Awasi, wakimbie mpaka Ahero kufuata barabara kuu, kwenye ile tambarare isiyo na kivuli. Mimi nilitangulia Ahero na saa. Wakafika watano. Nikangoja. Risper aliletwa na bodaboda, amemshika dereva kiunoni, mguu mmoja umening'inia. Mfupa ulikuwa umevunjika palepale nilipogusa. Alipona akatembea, akamaliza ualimu, na leo anafundisha shule ya msingi kwao Awasi. Mashindano hakukimbia tena.

Tangu siku hiyo sijakata hata sekunde moja. Bila shaka namba zikapanda ghafla kwa wote waliobaki. Barnaba akasema ni huzuni ya mwenzao, na akaongeza mizunguko ili waisahau. Nilicheka peke yangu ofisini, kicheko kibaya ambacho sitaki kukisikia tena. Lile daftari akalihifadhi. Akawa analibeba kwenye semina za makocha, anawafungulia vijana kama ninyi na kuwaambia huo ndio ulikuwa muhula wake bora. Kuna makocha katika kaunti hii wanaopima wasichana kwa mizani ya mahindi kwa sababu ya namba nilizozitunga nikisubiri maharagwe yaive.

Kwa hivyo msichana wa mwaka huu alipozirai, na Risper akaandika kwenye lile kundi kwamba yeye alikimbizwa kwa mguu uliopasuka, mambo yakalipuka, na mimi nikapokea barua ya kamati. Tulikaa chumba cha walimu. Alikuwepo Prinsipali, mama mpole anayeandika kila kitu. Alikuwepo Barnaba, amevaa koti licha ya joto. Na alikuwepo Bwana Kamau, anayeuza matairi Kondele, mkimbiaji wetu wa zamani, aliyekuja kumtetea kocha wake. Risper hakuja. Alikuwa na darasa.

Kamau alisimama ingawa hakuna aliyemwambia asimame. "Mimi nilikuja hii chuo nikiwa kijana wa kuvuta bangi. Wazazi walikuwa wamechoka na mimi. Huyu mzee alininyima ugali, alinikimbiza, alinitukana, na leo niko na duka na watoto wanne. Siku hizi ukiamsha mtoto asubuhi ni dhuluma." Kisha akalitoa daftari, mnajua lipi. "Na hesabu ni hii. Risper huyuhuyu analalamika. Jumatatu ya kwanza, dakika kumi na saba na sekunde hamsini. Jumatatu ya nane, kumi na saba na sekunde nane. Mtu anateswa anashuka hivi?"

Prinsipali akalisukuma daftari upande wangu. "Madam Zuhura, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na ni sahihi?"

Barnaba alikuwa ananitazama kwa utulivu wa mtu aliye na shahidi wake. Miaka ishirini na miwili hajawahi kuwa na shaka na mimi. Nilitamani kukasirika, maana hasira ingenisaidia, lakini nilikuwa na aibu tu.

"Si sahihi," nikasema. "Nilizikata. Za muhula huo wote." Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi, mpaka yule niliyemwongezea sekunde moja. Kamau akakaa chini. Prinsipali akaacha kuandika.

Barnaba akanyoosha mkono, akalifunga daftari. Kisha akaniuliza, polepole, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewazungusha uwanja."

"Madam, ningeona wote sita wanachelewa kila wiki, ningejua wamechoka. Ningewapumzisha."

Nilitaka kumrushia lile daftari. Huyu ndiye aliyeona namba za kweli miaka mingine yote, na sikumbuki hata siku moja amempumzisha mtu kwa kuchelewa. Nilimwambia hivyo, mbele yao. Lakini nilipofika nyumbani neno lake likanikaa. Mmoja mmoja aliwaadhibu, ndiyo. Wote sita kwa pamoja, wiki nane mfululizo, hakuwahi kuwaona, kwa sababu mimi nilihakikisha hatawaona. Labda hata kichwa kigumu kama chake kingeshtuka. Labda kisingeshtuka. Nimeiziba njia ya kujua, na hilo linaniudhi kuliko matusi yote ya WhatsApp.

Kamati iliamua. Mizani imerudi kwenye magunia. Barnaba ameondolewa kwa wasichana, amebaki na wavulana mpaka astaafu. Wanaomtetea wanasema nimemsaliti mzee wa watu. Wanaomlaani wanasema adhabu ni ndogo, na kwamba na mimi ningefaa kushtakiwa. Hawa wa pili sina la kuwajibu. Nanyi mnaoingia kazini, mkikuta sheria mbaya ibishieni kwa mdomo, mbele ya mwenyewe, hata sauti ikitetemeka. Mkiizunguka kimyakimya kwa huruma mtaifanya ionekane nzuri, na itawaumiza watu baada yenu.

Nilidhani yameisha. Siku mbili baadaye, mchana, nilikuwa nikichambua dagaa wa omena uani, Risper akapiga simu. Nikafuta mikono nikijiandaa kutukanwa kwa ajili ya mguu wake. Alikuwa na haki, na nilikuwa nimeshayatayarisha maneno ya kuomba msamaha.

"Madam, nimeambiwa ulisema ukweli," akaanza.

"Nilisema, nyathina, mwanangu. Nilichelewa sana. Nisamehe kwa mguu wako."

"Ya mguu tutaongea siku ingine. Mimi nauliza hiyo kumi na saba na nane. Hiyo sikukimbia?"

"Hukukimbia," nikasema.

"Nimeandika nyuma ya picha yangu ya chuo. Watoto wa darasa langu wanaijua, wakitoka kukimbia wananiuliza, Mwalimu, nimefika yako? Wakati niko kwa hospitali na mguu imefungwa, nilikuwa najiambia angalau hiyo niko nayo." Sauti yake haikuwa na ugomvi hata kidogo, na ningependa ingekuwa nao. "Sasa Madam, nilikimbia ngapi?"

Niliikumbuka Jumatatu ile vizuri. Aliingia mzunguko wa mwisho ngumi ya kulia imekunjwa, meno nje, akiuficha mguu. Nilimtazama kifua, nikabonyeza kwa kidole cha shahada, sawasawa kabisa kama nilivyofundishwa. Namba ilikuwa pale kiganjani mwangu. Nikaandika nyingine, nikaifuta ile kwenye saa ili mtu asiione.

"Sijui," nikamwambia. "Sikuiandika popote."

Nyuma yake kengele ya shule ikalia na watoto wakaanza kukimbilia madarasani. Risper akasema, "Sawa Madam, wacha niingie darasa," na akakata simu.